Njia nne za kumsaidia mtoto anayekulia Asia asivunjwe na presha: ipi inakufaa wewe?

Kwenye magrupu ya wazazi waswahili walioko Muscat, Dubai, Guangzhou na kwengineko huku, hili swali haliishi: mtoto yupo darasa la nane au la tisa, mitihani imemkaa kooni, usiku halali, chakula anakichezea tu, jamani tufanyeje. Basi hapo majibu yanamiminika, mmoja anasema mhamishe shule, mwengine mpeleke kwa kaunsela, wa tatu anasema mwachishe tuisheni apumue, na bibi yake toka Unguja keshatuma voisi anataka mtoto asomewe. Wote wana nia njema ila kila mtu anamuongelea mtoto wake, wa kwako hawamjui.

Mie nimejaribu kuziweka pamoja njia nne ambazo nchi za Asia zenyewe zimezitumia kwa watoto wao, maana wenzetu hawa tatizo wanalo siku nyingi na wameshajaribu mengi, mengine yamesaidia mengine yamekwama. Ya kwanza ni kuwafundisha watoto wote darasani namna ya kukaa na hisia zao. Ya pili ni kumpa mtoto mtu wa kumsikiliza palepale shuleni. Ya tatu kupunguza presha yenyewe, yani mitihani na tuisheni. Ya nne kumtoa kwenye shule ya kawaida kwa muda. Ukisoma hadi chini utaona baadhi zinakwenda pamoja vizuri tu, lakini pesa na nguvu za mzazi zina mwisho kwa hiyo lazima kuna moja ya kuanzia.

Kabla hatujaenda mbali: kama mtoto amesema anataka kufa, au anajiumiza, au ameanza kuwagawia wenzake vitu vyake na kuaga aga, acha kusoma ulinganisho. Usimuache peke yake, na mpeleke hospitali leo leo. India kuna namba ya bure ya Tele-MANAS 14416 usiku na mchana, Korea Kusini ni 109, Singapore 1767, Oman namba ya dharura ni 9999. Kumuuliza waziwazi "unafikiria kujiua?" hakumtii mawazo hayo kichwani kama watu wanavyoogopa, mara nyingi ndo anapata nafasi ya kusema.

Nimezipimaje

Vigezo vyangu ni vitano na nimevitumia kwa zote nne ili nisipendelee. Inamgusa mtoto yupi, yani ni ya watoto wote au ya yule ambaye tayari kazidiwa. Nani anayeifanya. Inakula pesa na muda kiasi gani. Kuna ushahidi gani kwamba inasaidia, maana kwenye haya mambo matangazo ni mengi. Na mwisho inaharibikia wapi, kwa sababu kila kitu kina pa kuharibikia na bora ujue mapema.

Hicho cha pili, nani anayeifanya, nitakirudia mpaka mchoke. Sababu ni utafiti mmoja wa zamani sana. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, watoto 698, wengi wao wa familia za Kijapani, Kifilipino na wenyeji wa Hawaii, ambao wazee wao walifanya kazi mashamba ya miwa. Kama theluthi moja walikulia kwenye hali mbaya kweli, umaskini, ugomvi ndani, mzazi mlevi au mwenye ugonjwa wa akili. Kati ya hao wa hali mbaya, mmoja kati ya watatu alikua akawa mtu mzima aliyetulia, mwenye kujiamini na kuwajali wengine. Walipoangalia nini kiliwabeba, kitu kilichojirudia ni mtu mzima mmoja nje ya wazazi, bibi, shangazi, mwalimu, mtu wa kanisani, aliyekuwa na mtoto kwa miaka. Kwa hiyo yule bibi wa Unguja na voisi zake msimcheke haraka.

Alafu dalili. Watoto wengi huku hawasemi nina huzuni, nyumba nyingi huzuni ni aibu, mtoto wa kiume ndo kabisa. Wanasema tumbo linauma, kichwa kinauma. Muscat wiki ya shule inaanza Jumapili, sasa kama tumbo linauma kila Jumapili asubuhi na Ijumaa jioni mtoto yupo ufukweni anacheza mpira mzima kama chuma, basi mpeleke kwa daktari aliangalie ndio, lakini usiishie kwenye dawa ya tumbo.

Njia ya 1: somo la hisia kwa darasa zima

Mfano mkubwa ni Delhi. Tarehe 2 Julai 2018 serikali ya jimbo ilizindua mtaala wa furaha kwenye shule zake, Dalai Lama mwenyewe alikuwepo, na mwaka 2020 Melania Trump alipoenda India alipelekwa kuangalia darasa moja. Kilipoanza kilikuwa kipindi cha kila siku kwa watoto wa chekechea hadi darasa la 8. Watoto wanafumba macho dakika chache, wanasikiliza sauti zilizopo, feni inayokwaruza, pikipiki nje, mtu anakohoa, alafu mwalimu anauliza nani kasikia nini. Baadae kuna hadithi au zoezi na maongezi juu yake, kwa mfano mara ya mwisho ulimkasirikia nani na ulifanyaje. Hakuna mtihani wala maksi, na hapo ndo watoto wanapapenda.

Inamgusa nani: wote, wala hakuna anayenyooshewa kidole kwamba wewe ndo mgonjwa. Kwa jamii zinazoogopa maneno ya watu hii ni faida kubwa sana.

Anayefanya: mwalimu wa kawaida wa darasa. Faida yake anawajua watoto, hasara yake ni huyohuyo aliyemfokea mtoto saa 2 asubuhi kwa homuweki, sasa saa 4 anamwambia afumbe macho apumue.

Pesa na muda: mzazi halipi chochote, ni suala la kuchagua shule yenye kipindi kama hiki. Shule nyingi za kimataifa za Ghuba nazo zina vipindi vya namna hii kwa majina tofauti, ukienda kuuliza uliza kipindi kipo kwenye ratiba ya kila wiki au ni bango tu la getini.

Ushahidi: watoto na walimu wanapenda, hilo halina ubishi. Ila Uingereza walifanya jaribio kubwa la kufundisha zoezi la utulivu na kuzingatia pumzi kwa watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14, matokeo yakatoka 2022, na hawakukuta kwamba linazuia sonona kuliko vipindi vya kawaida vya maadili na hisia walivyokuwa navyo. Uingereza sio Delhi, na mtaala wa Delhi una mengi zaidi ya kufumba macho. Lakini mtu akikuuzia kozi ya kupumua kama dawa ya sonona mkumbushe hilo.

Inapoharibika: silabasi ikibaki nyuma, kipindi cha kwanza kuliwa na hesabu ni hiki. Na mtoto ambaye tayari yuko chini sana, kumfumbisha macho akae na mawazo yake kunaweza kumzidishia.

Inamfaa mtoto mdogo wa msingi ambaye bado yuko sawa, na mzazi anayetaka msingi kabla mambo hayajaharibika.

Njia ya 2: mtu wa kumsikiliza shuleni

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye maneno mengi.

Twende Bihar, moja ya majimbo maskini ya India, wilaya ya Nalanda. Shirika la Sangath, lililoanzishwa Goa mwaka 1996 na Vikram Patel na wenzake, lilisimamia jaribio linaloitwa SEHER kwenye sekondari zaidi ya 70 za serikali. Shule zikagawanywa mafungu matatu. Fungu moja likapewa mtu wa kawaida wa eneo hilo, sio daktari wala mwanasaikolojia, kapigwa mafunzo mafupi na kazi yake ni hiyo tu, wakamwita Mitra yani rafiki. Fungu la pili programu ileile ikafanywa na mwalimu wa shule juu ya vipindi vyake. La tatu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa serikali.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Kulikuwa na sanduku ambalo mwanafunzi anatumbukiza karatasi kusema linalomkera, akitaka bila jina. Kulikuwa na gazeti la ukutani lenye mada ya mwezi, kamati ya shule, mikutano ya asubuhi ambapo mambo ya kuonewa na usafi yanazungumzwa mbele za watu, na mwanafunzi mwenye lake anaweza kwenda kukaa na Mitra wakalichambua tatizo hatua kwa hatua, tatizo ni nini hasa, una njia gani, ujaribu ipi wiki hii.

Majibu yalichapishwa 2018. Baada ya miezi 8, shule zenye Mitra hali ya shule ilikuwa bora kwa mbali, dalili za sonona zimepungua, kuonewa kumepungua. Walipoangalia tena mwaka wa pili tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Na zile shule ambazo mwalimu ndo alifanya programu ileile, karatasi zilezile? Hakukuwa na tofauti yoyote ya maana na zile zilizoendelea na utaratibu wa kawaida. Soma tena hapo. Sababu wanazozitaja watu ni mbili tatu tu, mwalimu amechoka na hana muda, na mwanafunzi hawezi kumfungukia mtu ambaye kesho atampa maksi.

Korea Kusini nao tangu 2008 wana mpango unaoitwa Wee: chumba cha ushauri ndani ya shule, juu yake kituo cha wilaya kwa kesi nzito, na juu zaidi shule maalumu kwa wanaohitaji muda mrefu. Japani walianza makaunsela wa shule kwa majaribio 1995, ila mpaka leo shule nyingi kaunsela anakuja kama mara moja kwa wiki kwa saa chache, sasa mtoto akivunjika moyo Jumanne na kaunsela anakuja Ijumaa ndo hivyo tena. Oman shule za serikali zina mtaalamu wa jamii, yule wanayemwita akhisai, na wazazi wengi wanamkumbuka kwa kesi za utoro tu wakati unaweza kumuendea mwenyewe hata kabla hujaitwa.

Inamgusa nani: yule aliyeanza kuzidiwa, na kama imefanywa kama Bihar basi shule nzima.

Anayefanya: mtu maalumu ambaye hafundishi na hatoi maksi. Vyeti vyake sivyo vya kwanza kuangalia kwa shida za kawaida za ujana. Kwa ugonjwa wenyewe hapo ndio unataka mtaalamu aliyesomea, hilo tusichanganye.

Pesa na muda: ikiwa shule inaye ni bure. Ukimtafuta wa kliniki binafsi bei inauma kweli, hasa Dubai na Singapore, na si kila bima inagusa huko kwa hiyo soma mkataba wa bima yako kwanza.

Ushahidi: mzuri kuliko zote nne kwa maoni yangu, kwa sababu ya lile jaribio la Bihar lenye pande tatu.

Inapoharibika: siri. Kaunsela akimwambia mwalimu, mwalimu akaongea chumba cha walimu, kesho darasa zima linajua, imekwisha hiyo, mtoto hafungui mdomo tena mpaka chuo. Na wazazi wenyewe tunaogopa rekodi. Korea ugonjwa wa akili kwenye mafaili ya hospitali huandikwa kwa herufi F, na wazazi wanaikwepa hiyo herufi wakihofia ajira na bima ya mtoto huko mbele, wanachelewa kutafuta matibabu kwa ajili yake. Huku Ghuba hofu ni ndoa, nani ataoa nyumba ile. Ongea na shule mapema nani anaandika nini na kinakaa wapi.

Inamfaa kijana wa miaka 12 kwenda juu aliyebadilika ghafla, mtoto anayeonewa, mtoto mgeni aliyehama nchi na hana rafiki. Kwa huyo wa mwisho ndo nasisitiza, mtoto katoka Mombasa au Dar kaingia darasa la Kiarabu au Kichina katikati ya muhula, hana hata wa kula nae.

Njia ya 3: kupunguza presha yenyewe

Wanaoitetea hii wanasema mnamfundisha mtoto kupumua wakati mmemkalia kifuani, ondokeni kwanza. Wana hoja.

Korea siku ya mtihani wa kuingia chuo, mwezi wa Novemba, ndege haziruki wala kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, na mwanafunzi aliyechelewa anabebwa na pikipiki ya polisi. Inapendeza kutazama kwenye video lakini fikiria wewe ndo una miaka 18 na nchi nzima imenyamaza kwa ajili yako. Seoul madarasa ya tuisheni yamewekewa sheria yafunge saa 4 usiku, na walilazimika kuweka sheria maana yalikuwa yanakwenda mpaka usiku wa manane. Mwaka 2013 wakaanza kujaribu muhula mmoja bila mitihani ya kuandika kwa wanafunzi wa sekondari ya chini, 2016 ukawa wa nchi nzima.

China walikwenda kwa nguvu zaidi, Julai 2021 wakapiga marufuku kampuni za tuisheni za masomo makuu kufanya biashara ya faida, na tuisheni za wikiendi na likizo zikakatazwa. Singapore walikwenda taratibu: mtihani wa darasa la sita ulikuwa unampima mtoto kwa kumlinganisha na wenzake wote waliofanya, kuanzia 2021 wakahamia madaraja mapana ambayo hayategemei mwenzako kapata ngapi, na kufikia 2023 mitihani ya katikati ya mwaka ikaondolewa msingi na sekondari. India mapema 2024 serikali ilitoa mwongozo kwamba vituo vya kochingi, yani vya kuandaa wanafunzi kwa mitihani ya kuingia chuo, vile vya mji wa Kota na kwengine, visisajili watoto chini ya miaka 16.

Inamgusa nani: wote kwa mpigo, hata yule asiyeonyesha.

Anayefanya: serikali kwa upande mmoja, na mzazi upande mwingine. Wewe mtihani wa taifa huwezi kuufuta, lakini tuisheni ya nne unaweza. Ni njia pekee kati ya hizi ambayo huhitaji ruhusa ya mtu.

Pesa na muda: hii ndo raha yake, inakurudishia pesa. Na usingizi. Shule moja ya wasichana Singapore, Nanyang Girls' High, mwaka 2016 ilisogeza saa ya kuanza kutoka saa 1:30 hadi saa 2:15 asubuhi, watafiti wakawapima wasichana, wakakuta wanalala zaidi na hali yao ya moyo imekuwa nzuri zaidi, na miezi 9 baadae faida bado ilikuwepo. Dakika 45 tu, hakuna kaunsela wala mtaala.

Ushahidi: kwa usingizi upo. Kwa sera za taifa ni mchanganyiko, kwa sababu presha ukiibana huku inatokea kule. China mtihani wa kuingia chuo, gaokao, haukuondoka, 2024 walijisajili watu zaidi ya milioni 13, kwa hiyo wenye pesa wakaanza kuwaleta walimu nyumbani chini kwa chini kwa bei ya juu, na wasio na pesa wakabaki hivyohivyo. Singapore nako pamoja na kupunguza mitihani, familia zilitumia kama dola bilioni 1.8 za Singapore kwa tuisheni mwaka 2023, ilikuwa bilioni 1.4 mwaka 2018.

Inapoharibika: mzazi akipunguza tuisheni kwa mdomo huku kila jioni anauliza mtoto wa fulani kapata ngapi. Na nyingine, kuna mtoto ambaye tuisheni ndo sehemu pekee anayokutana na marafiki zake, ukimtoa bila kumuuliza unakuwa umemfungia ndani na simu. Muulize kwanza, inashangaza wazazi wangapi hatuulizi.

Inamfaa mtoto aliyechoka tu, halali, hana muda wa kucheza, lakini akipewa likizo ya wiki anarudi kucheka kama zamani. Hiyo wiki ya likizo ni kipimo kizuri sana. Kama likizo imeisha na bado kanuna, kajifungia, hali chakula, basi shida haipo kwenye ratiba, rudi njia ya 2.

Njia ya 4: kumtoa kwa muda, shule mbadala

Wengi wakisikia hivi wanaona ni kukata tamaa. Japani wameifikiria tofauti, ila hawakufika hapo kirahisi.

Kule mwanafunzi akikosa shule siku 30 au zaidi kwa mwaka bila sababu ya ugonjwa au umaskini anahesabiwa kundi maalumu, na mwaka wa masomo 2023 watoto wa msingi na sekondari ya chini wa kundi hilo walifika 346,482. Zamani walivutwa kwa nguvu warudi. Mwaka 1985 Keiko Okuchi alianzisha Tokyo Shure, sehemu ambayo mtoto aliyekataa shule anaenda anapanga mwenyewe siku yake, na baada yake zikafuata nyingi. Mwaka 2016 ikapita sheria inayotambua kwamba mtoto kama huyo anahitaji kupumzika na kusoma sehemu nyingine, na 2019 wizara ikasema wazi kwamba kumrudisha shuleni sio lengo pekee.

Kuna kitu kilitokea huko 2015. Takwimu za serikali zilikuwa zimeonyesha kwamba vijana wanaojiua huongezeka tarehe 1 Septemba na siku za karibu yake, shule zinapofunguliwa baada ya likizo ndefu. Mfanyakazi wa maktaba ya mji wa Kamakura akaandika kwenye Twitter kwamba kama shule inakutesa kiasi hicho njoo maktaba, tuna vitabu vya katuni na riwaya, hakuna atakayekuuliza kitu hata ukikaa kutwa nzima. Ujumbe ukasambaa nchi nzima. Mie nilipousoma niliwaza tu, huku kwetu mtoto akitoroka shule sehemu ya kwenda ni moli au kwa marafiki wabaya, hakuna mlango uliowekwa wazi kwa ajili yake.

Inamgusa nani: yule ambaye akifika getini mwili unakataa, anatapika, anatetemeka.

Anayefanya: watu wazima wachache kwenye sehemu ndogo, na mzazi sana sana. Kuna hatua ya katikati Wajapani wanaitumia ambayo naipenda, mtoto anakuja shuleni lakini anakaa chumba cha nesi na kazi zake, haingii darasani mpaka awe tayari. Hii unaweza kuiomba hata shule yako, haihitaji sheria.

Pesa na muda: hapa panauma. Uchunguzi wa wizara ya Japani wa 2015 ulikuta ada ya wastani ni yeni 33,000 hivi kwa mwezi, na bado mzazi mmoja mara nyingi inabidi apunguze kazi. Kwa mgeni mwenye viza ya kazi kuna la zaidi, hakikisha ukaazi wa mtoto haufungamani na usajili wa shule.

Ushahidi: ushuhuda wa familia ni mwingi na mzuri, majaribio ya kulinganisha kama ya Bihar ni machache. Ndivyo ilivyo.

Inapoharibika: mtoto akitolewa shule alafu hana pa kwenda. Wiki ya kwanza ni nafuu, mwezi wa tatu analala mchana anaamka usiku na simu, mwaka wa pili hatoki chumbani, na Japani wana watu wazima wa aina hiyo wengi. Kumtoa bila sehemu ya kumpeleka usifanye.

Inamfaa mtoto ambaye njia ya 2 imejaribiwa kweli na imeshindikana, au anayeonewa na shule haitaki kuchukua hatua.

Sasa wewe uanzie wapi

Mtoto wako ana miaka 6 hadi 10 na yuko sawa tu ila unaona mbele kunakuja moto: anza na ya 1 kama shule inayo, na ya 3 nyumbani kidogokidogo, hasa usingizi. Usimtafutie kaunsela mtoto asiye na shida kwa sababu rafiki yako kafanya.

Ana miaka 13 na kuendelea, amebadilika ndani ya miezi michache, marafiki kawaacha, maksi zimeshuka ghafla: ya 2, wiki hii. Ukienda shule uliza maswali haya haya, anayekaa na watoto anafundisha somo pia? yupo siku ngapi kwa wiki? mtoto anafikaje kwake bila kuomba ruhusa darasani mbele ya wenzake? anachoambiwa kinaandikwa wapi? Wakijibu kwa brosha, tafuta mtu nje, bora hata mjomba mwenye akili timamu na muda kuliko ofisi yenye bango.

Yupo mwaka wa mtihani mkubwa, diploma ya darasa la 12, gaokao, JEE ya kuingia vyuo vya uhandisi India, chochote, na imebaki miezi: usihamishe shule wala kubadilisha maisha yake yote sasa hivi. Punguza mambo ya pembeni, alale saa zinazoeleweka, mtu mmoja wa kuongea nae, na maneno ya "usipofaulu" yatoke nyumbani kabisa, shangazi waambiwe pia.

Familia imehamia karibuni na lugha ndo shida: ya 2 kabla ya zote, ila mtu huyo aongee lugha ambayo mtoto anaotea ndoto. Kaunsela mzuri wa Kiarabu kwa mtoto anayewaza kwa Kiswahili atapata nusu ya habari. Hapo Muscat mna bahati, nyumba zinazoongea Kiswahili zimejaa, muulizie mwalimu au mama mtu mzima wa huko anayeweza kukaa nae mara moja kwa wiki wakati mnasubiri mtaalamu.

Mtoto hafiki getini kabisa: anza na kuomba chumba cha nesi au nusu siku, daktari amuone, na wakati huohuo tafuta pa kumpeleka ili ya 4 ikibidi iwe na mlango. Na kama hela hamna na shule haina mtu wala kipindi, basi mmebaki na ya 3 ambayo haina bei, na mtu mzima mmoja wa ukoo ambaye mtoto mwenyewe amemchagua. Muache amchague yeye, hata kama mtu huyo wewe humpendi sana.